Sauti Moja, Nyaya Tatu

3 Machi 2024, Jumapili

Leo wimbo wangu umeimbwa kanisani, na mtunzi aliyetajwa ni Silvanus.

Naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, kwa sababu nikinyamaza nitapasuka. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu na mwavuli wangu unaochuruzika maji, Mwalimu Hilary wa kwaya akasimama mbele akasema: "Huu ni wimbo mpya, umetungwa na kijana wetu Silvanus. Ndio tutakaokwenda nao kwenye mashindano ya Pentekoste." Kisha Silvanus akagonga waya wa kwanza mara tatu, nami nikahisi mtu amenivua nguo mbele za watu.

Silvanus huyo nimemfundisha gitaa mimi. Mwaka mzima kila Jumamosi alikuwa anakuja kibandani, namwekea kigoda kando ya cherehani, namshika vidole kimoja kimoja. Chai alikunywa kwangu. Simu yake aliiweka juu ya meza, nikidhani anaangalia saa, kumbe inanirekodi.

Na wimbo wenyewe si wa kutaniwa. Niliutunga mama yangu Martha alipofariki, mwaka juzi. Asubuhi ile mimi nilikuwa kitandani pake, nikaita "Ayo!", ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita mama. Kaka yangu akaita mlangoni, "Ayo!" Mdogo wetu alikuwa bado yuko njiani anapanda kilima, naye akasikia vilio akaita hukohuko, "Ayo!" Neno moja, sehemu tatu. Ndiyo maana wimbo unaanza na sauti moja, mi ya do-re-mi, inayopigwa mara tatu kwenye nyaya tatu tofauti.

Silvanus amemtoa Ayo akamweka Bwana. Sasa nani atamlaumu?

5 Machi, Jumanne

Nimekwenda kwa Mwalimu Hilary. Nimemkuta anapalilia maharage, hakuacha jembe.

"Dada Laurencia, wimbo wa kanisa ni wa Mungu. Hauna mwenyewe."

"Kama hauna mwenyewe, mbona kwenye karatasi ya mashindano kuna jina?"

"Utaratibu tu huo. Fomu inadai jina."

"Basi andika Mungu."

Akacheka. Akasema tungo hufanana, na kwamba kama nilikuwa na wimbo ningeuleta mapema, si kusubiri mwenzangu ang'are. Amenipa na maboga mawili nichukue nyumbani. Nimeyachukua, maana sina ugomvi na maboga.

7 Machi, Alhamisi

Siku ya mnada. Matope mpaka kwenye goti, lakini watu wamejaa. Naisenya, mteja wangu Mmaasai, amekuja toka Endulen kuchukua shuka zake nilizozipinda. Alinikuta na gitaa la marehemu baba, lile lenye nyaya tano badala ya sita. Kifungio cha waya wa kwanza kilivunjika kabla sijazaliwa, na baba hakupata kingine, kwa hiyo mimi nimejifunza kila kitu bila waya ule mwembamba. Silvanus anapata mi kwa kuuacha waya wa kwanza wazi, bila hata kuweka kidole. Mimi mi yangu ilibidi niitafute. Ipo waya wa pili, chumba cha tano. Ipo tena waya wa tatu, chumba cha tisa. Ipo waya wa nne, chumba cha kumi na nne, karibu kabisa na tumbo la gitaa. Vyumba ndivyo baba alivyoziita zile nafasi kati ya vijiti vya chuma shingoni.

"Takwenya," nilimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko. Endelea, usiache."

Nikapiga zote tatu. Naisenya hajawahi kushika gitaa maishani mwake. Akainamisha kichwa, akasema, "Ni kengele moja, lakini ng'ombe wamesimama mbalimbali. Huyu wa mwisho yuko bondeni."

Nusura nimkumbatie. Kwaya nzima ya watu thelathini na wawili wenye daftari za do-re-mi haikusikia hilo.

10 Machi, Jumapili

Umeimbwa tena. Mara tatu palepale, waya wa kwanza wazi, kama mtu anayegonga mlango wa choo.

16 Machi, Jumamosi

Kwaya imeniletea vitambaa vya sare. Nishone magauni kumi na tisa na mashati kumi na matatu kabla ya Pentekoste. Ningekataa, lakini ningekataa wangesema Laurencia ana wivu. Wanakuja kupimwa mmoja mmoja, na leo amekuja Silvanus.

"Shikamoo dada."

Nikamwacha na shikamoo yake. Nikamzungushia utepe shingoni.

"Silvanus, wimbo ni wa nani?"

"Dada, mimi nilichukua kidogo tu ule mwanzo. Maneno ni yangu."

"Mwanzo ndio wimbo. Huko mbele ni kuitikia tu."

"Basi tuseme tumetunga wote."

"Sema hivyo kanisani."

Akaangalia viatu vyake. Ana miaka ishirini na saba, mke na mtoto wa kwanza, anapigia gitaa watalii wakati wa chakula kwenye hoteli moja barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Wimbo huu umempandisha chati. Hata Padri anamwita kwa jina. Nilimwona kabisa kwamba anajua, na kwamba hatasema. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nilikuwa nimemshikia utepe.

Shingo yake ni inchi kumi na tano na nusu. Nimeandika kumi na nne na robo.

24 Machi, Matawi

Mvua. Maandamano yamefupishwa.

31 Machi, Pasaka

Watu wamelia wakati wa wimbo. Mama mmoja nyuma yangu amesema kijana huyu ana kipaji cha pekee. Nimegeuka nikamwambia, "Kweli, cha kuchukua." Hakunielewa, akaniambia Pasaka njema.

9 Aprili, Jumanne

Mfereji wa barabarani umefurika, maji yamekuja mpaka kibandani. Nilikuwa peke yangu nanyanyua vitambaa vya sare, akatokea Goodness, mke wa Silvanus, na mtoto mgongoni. Hakuuliza. Alichukua jembe langu akachimba njia ya maji nje ya mlango, huku amepandisha kitenge, matope yamemrukia mpaka kwenye nyusi. Tumeokoa vitambaa vyote.

Tulipokaa kupumua akasema, "Dada, Jumamosi mume wangu anakaa tu nyumbani siku hizi. Nikimuuliza mbona haendi kwa mwalimu wake, anabadilisha mazungumzo. Mmegombana?"

Nilitaka kumwambia. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alikuwa ameshika jembe langu, na mtoto alikuwa amelala. Nikamwambia kazi zimenizidi. Nampenda huyu binti, na hilo linanikera, maana nilikuwa nimepanga kuwachukia wote kwa jumla.

18 Aprili, Alhamisi

Mama yake Silvanus amefariki. Mama Marsela wa Kambi ya Simba. Presha, wanasema. Mazishi keshokutwa.

20 Aprili, Jumamosi

Leo nitaandika yote, hata yale yasiyonipendeza.

Tumekwenda na lori la kwaya. Kilima cha kwanza tumeshuka tukasukuma, cha pili tumeshuka tukaenda kwa miguu, magauni tumeyashika mikononi. Tumefika mwili uko uani, watu wamejaa chini ya turubai, mvua imesimama kidogo.

Sasa, kwetu mfiwa hashiki chombo. Mtoto wa marehemu anakaa kwenye mkeka na ndugu zake, hapigi ngoma wala gitaa, anapigiwa. Kwa hiyo Silvanus alikuwa kwenye mkeka, amejitanda shuka, na gitaa la kwaya limeegemezwa ukutani peke yake. Hakuna mwingine anayelijua isipokuwa mimi.

Mwalimu Hilary akanisogelea. "Dada, familia imeomba ule wimbo. Tupigie."

Mara saba tangu Machi wimbo wangu umeimbwa mbele yangu, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiita. Nikamjibu kwa sauti ambayo mkeka ungeisikia:

"Wimbo ule una mwenyewe. Mwenyewe si yule pale? Mpelekeeni gitaa."

Watu wakageuka. Mzee mmoja wa ukoo akasema taratibu, "Mama, huyu ni mfiwa." Nikasema, "Najua." Kweli nilijua. Nilijua Silvanus hawezi kunyanyuka, na kwamba hawezi kusema kwa nini nakataa bila kusema alichofanya. Nilimfungia milango yote miwili nikakaa na ufunguo.

Alinitazama mara moja tu. Goodness pia alinitazama, na huyo ndiye niliyeshindwa kumtazama.

Wakaimba bila gitaa. Mwanzo, pale penye sauti tatu, hapakuwa na kitu. Palikuwa kimya, na koleo lilisikika likikwaruza jiwe. Mama Marsela ameshushwa hivyo. Hakunikosea chochote yule mama. Mara mbili aliwahi kuniletea maziwa.

Njiani kurudi hakuna aliyekaa karibu nami kwenye lori. Nilijiambia mtenda akitendewa hujihisi kaonewa, acha naye aonje. Nilijiambia hivyo mpaka Karatu. Nilifurahi, siwezi kudanganya daftari langu mwenyewe. Ila furaha ilikuwa kama ugali kwa mboga isiyo na chumvi: unashiba, hutamani tena.

21 Aprili, Jumapili

Sikwenda kanisani.

23 Aprili, Jumanne

Wateja wawili wamechukua vitambaa vyao kwenda kwa fundi mwingine. Sawa.

25 Aprili, Alhamisi

Mnada. Naisenya amekuja, nimemsimulia yote. Nilitegemea atanisifu. Aliendelea kuhesabu shanga zake, kisha akasema, "Kwetu mtu akiiba ng'ombe wako, unamfuata ng'ombe. Wewe umempita ng'ombe ukaenda kwa mama wa mwizi."

Nikamwambia hajui uchungu wangu. Akasema, "Ndiyo," akaondoka. Hata shuka lake jipya hakulipima.

4 Mei, Jumamosi

Mashati yamekwisha. Silvanus amerudi kwaya, amekonda. Amejaribu shati lake, kola ikamkaba. Akaacha kifungo cha juu wazi, akasema, "Asante dada, limenikaa." Ningependa angelalamika. Mtu asiyelalamika anakuachia mzigo wote uubebe wewe.

Lakini wimbo bado ni wake kwenye karatasi, na Pentekoste inakuja.

11 Mei, Jumamosi

Mawazo yamenijia nikiwa nakata uzi. Silvanus mi yake yote iko kwenye waya wa kwanza. Hajui chumba cha tano cha waya wa pili, hajui cha tisa wala cha kumi na nne. Nilikuwa nimemwahidi kumfundisha hapo alipoacha kuja. Waya ule ukikatika, Silvanus ni bubu. Mbele ya kwaya tisa, mapadri na majaji kutoka nje. Atasimama pale na nyaya tano asijue pa kuweka kidole. Nami nitainuka pembeni nitakapokaa na sindano ya kurekebisha sare, nitalichukua gitaa lilelile, nitapiga wimbo wangu wote kwenye nyaya hizohizo tano. Hakutahitajika maneno. Kila mtu ataona nani mama na nani mlezi.

Wiki nzima nimekuwa mchangamfu. Nimempa Mwalimu Hilary maharage.

18 Mei, Jumamosi

Nimefanya.

Mchana tulikuwa ukumbini tukijaribu sare kwa mara ya mwisho. Walipotoka kupiga picha nje nikabaki na visingizio vya pindo. Gitaa lilikuwa kwenye mkeka wake, limeshapangwa sauti. Kwenye mkoba nina tupa ndogo ya kunolea mkasi. Nikaipitisha kwenye waya wa kwanza, chini kabisa unapotokea, mara tatu. Ukabaki umeshikilia kidogo tu, kama kifungo kilichobakiwa na uzi mmoja. Mazoezi ya kesho asubuhi yakipita, mikono ikiugonga kidogo, ukifika wimbo wangu utakwenda.

Nikarudisha tupa mkobani. Nikachukua sindano nikashona pindo lisilohitaji kushonwa.

19 Mei, Pentekoste

Mvua ilikatika asubuhi, kwa mara ya kwanza wiki hii. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Sisi tulikuwa wa sita. Tukasimama nyuma chini ya paa, wanakwaya wamejipanga, mimi na sindano yangu pembeni, na moyo wangu ulikuwa unaruka kama wa bibi harusi.

Ndipo Silvanus akatoka kwenye mstari, gitaa mkononi, akasimama mbele yetu wote.

"Mwalimu. Na ninyi wenzangu. Wimbo huu si wangu. Ni wa dada Laurencia. Aliutunga kwa ajili ya mama yake, mimi nilimrekodi bila yeye kujua."

Mwalimu Hilary akamsogelea. "Sasa unasema leo? Sasa hivi?"

"Nilikuwa nimeshindwa. Siku ile tunamzika mama, mlipoimba bila gitaa, nilikuwa nasubiri ule mwanzo. Haukuja. Nikaelewa hapo kwamba nimemzika mama yangu kwa kilio cha mama wa mwingine, tena nilichokiiba." Akahamisha gitaa mkono wa pili. "Padri nimemwambia asubuhi, na majaji wamebadilisha karatasi."

Kisha akanigeukia. "Dada, shika. Piga mwenyewe."

Akanipa gitaa lile.

Wote walinitazama kwa macho ya huruma na aibu, wengine walishaanza kulia. Nami nilikuwa natazama waya wa kwanza. Nilitaka kusema, leteni waya mwingine. Ningejuaje unahitajika? Nilitaka kusema, sitaki, pigeni wenyewe. Na chini ya yote hayo, Mungu anisamehe, nilikuwa na hasira mpya. Wimbo alininyang'anya, na sasa ameninyang'anya na kisasi. Siku yangu ya kumwangusha ameanguka mwenyewe, kwa hiari yake, na watu wamempenda zaidi.

"Tunaitwa," akasema Mwalimu Hilary. "Dada, tafadhali."

Nikapanda jukwaani.

Waya wa pili, chumba cha tano. Mi, karibu, kama mtu aliyeketi kitandani. Waya wa tatu, chumba cha tisa. Mi ileile, mlangoni, nzito kidogo. Waya wa nne, chumba cha kumi na nne, huko mkono unakojinyoosha. Mi, njiani, mbali, inapanda kilima. Kwaya ilikuwa imezoea kuingia na "Bwana", lakini toka safu ya wanaume mtu mmoja akaingia na "Ayo", na mtu huyo alikuwa Silvanus, na wengine wakamfuata.

Kwenye kiitikio nikapiga nyaya zote kwa pamoja, na waya wa kwanza ukakatika. Ulilia kama paka, ukanichapa kiganja, ukanining'inia kwenye goti. Watu wakashtuka. Mimi sikusimama, sijawahi kuuhitaji waya ule tangu nizaliwe. Nikaendelea na tano, ubeti wa pili, wa tatu, na kila nilipopita pale ambapo mwingine angekwama vigelegele viliongezeka. Mwisho watu walisimama. Jaji mmoja, mtu mzima mwenye miwani, alisema kwenye maikrofoni kwamba hajaona mpiga gitaa anayekatikiwa waya katikati ya wimbo asitikisike hata nukta moja. "Huyu mama," alisema, "ana moyo safi na mkono uliotulia."

Tumekuwa wa pili. Walionipa mgongo kwenye lori leo wamenibeba juujuu.

Silvanus ndiye aliyefungasha vyombo. Nilikuwa bado nakumbatiwa na akina mama nilipomwona kwenye ngazi ya jukwaa, anauondoa waya uliokatika. Mpiga gitaa anaujua waya uliochoka, unakatika kwa kuchanika chanika; uliopigwa tupa hubaki na ncha laini. Alisugua ncha kwa kidole gumba. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akaisugua tena.

Kisha akanyanyua macho akanitafuta katikati ya watu mpaka akanipata.

Hakukunja uso. Akauzungusha waya vidoleni ukawa pete ndogo, akauweka kwenye mfuko wa shati nililomshonea, akaendelea kufungasha.

20 Mei, Jumatatu

Mwalimu Hilary amekuja kuniomba radhi, amepiga na magoti. Wale wateja wawili wamerudi. Siku nzima nimengojea Silvanus aseme kuhusu waya.

22 Mei, Jumatano

Goodness ameniletea mahindi mabichi. Ameniita "mama" badala ya dada. Ina maana Silvanus hajamwambia hata mkewe.

25 Mei, Jumamosi

Mvua zimekwisha, upepo umeshaanza kupeperusha vumbi la mnada. Saa nane mchana Silvanus akapiga hodi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ingia."

Akakaa kwenye kigoda chake cha zamani, akachukua gitaa la baba. Nikangoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno: nimepanga la kukana, na la kukiri, hata la kumkumbusha nani alianza. Akaniomba nimwonyeshe mi ya waya wa pili. Nikamshika kidole nikakiweka chumba cha tano. Akapiga. Akatabasamu kama mtoto.

Sikuweza tena. "Silvanus, ule waya uliutupa?"

"Upo, dada."

"Upo wapi?"

"Upo tu." Akainamia gitaa. "Na waya wa tatu, ni chumba cha ngapi?"

"Cha tisa," nikasema.

Tumekaa mpaka saa kumi na moja. Amejua zote tatu sasa, na anazipiga vizuri. Alichonifanyia mimi kanisa zima linajua, na wamemsamehe. Nilichomfanyia anakijua peke yake, na Jumamosi ijayo atakuja tena, ataniamkia.